Sare ilikuwa mezani, Gukesh akaikataa

Agosti 2022, Olimpiadi ya chesi mjini Chennai, India. Gukesh ana miaka 16 tu na ameshinda mechi zake nane za kwanza. Nane mfululizo, manze! Raundi ya 10, timu yake ya vijana, India 2, inakutana na Uzbekistan. Mbele yake ameketi Nodirbek Abdusattorov, 17.

Gukesh yuko juu. Angerudiarudia hatua zilezile, wangegawana pointi na timu yake ingeshinda 2.5-1.5. Anakataa, anataka yote. Saa nayo haimngoji. Sekunde zinayoyoma, mara anamwacha farasi wake pabaya, analiwa bure. Kwisha. Timu zinatoka 2-2. Mwishowe Uzbekistan wanabeba dhahabu, India 2 shaba.

Tamaa? Mimi simlaumu, na nilivyoacha chuo katikati nimezoea kuambiwa ningetulia. Desemba 2024 huko Singapore, mchezo wa 14 wa kuwania ubingwa wa dunia ulionekana unaenda sare. Gukesh akakataa tena, akazidi kusukuma. Safari hii aliyeteleza ni Ding Liren, na dogo akawa bingwa akiwa na miaka 18.