Vilabu vya Ulaya vinapokwenda ronjo

Ndugu msikilizaji, wiki hii vijana wa hapa Ololosokwan wameniuliza: hizi timu za Norway zinazocheza Hispania mwezi wa Februari, zinagombea kombe gani? Mbona vibanda vya video havizionyeshi, lakini kwenye simu za kubeti zimo? Mmoja wao alikuwa amekwisha kuuza mbuzi ili aziweke kwenye mkeka wake, kwa hiyo swali hili si la mzaha.

Tuanze na hali ya hewa. Tumezoea ligi ya Uingereza, ambayo huchezwa hata siku ya pili ya Krismasi, tukadhani Ulaya nzima ni hivyo. Sivyo. Norway na Sweden viwanja hufunikwa na theluji. Ligi zao huanza Machi au Aprili na kwisha Novemba au mapema Desemba. Baada ya hapo wachezaji hukaa miezi mitatu na zaidi bila mechi ya ligi.

Wafugaji mtanielewa upesi: malisho yakikauka, ng'ombe hupelekwa ronjo. Vilabu navyo hushuka kusini. La Manga, kusini mashariki mwa Hispania, Februari nyasi ni za kijani na jua lipo. Mwaka 1999 lilianzishwa huko kombe la kirafiki, na klabu kama Rosenborg ya Trondheim zikawa wageni wake.

Lakini hilo ni kombe kwa jina. Kocha amekwenda kuwapasha misuli wachezaji wake na kumtazama kijana aliyemsajili juzi. Sheria za soka zinaruhusu timu katika mechi ya namna hii kukubaliana idadi kubwa ya wachezaji wa akiba, mradi mwamuzi aarifiwe kabla. Ndiyo maana kipindi cha pili unaweza kuona karibu timu nyingine kabisa. Anayeongoza mabao mawili wakati wa mapumziko anaweza kumaliza amefungwa, na kocha wake akalala usingizi mnono. Asiyelala ni aliyeweka fedha.

Mfano tunao nyumbani. Mei 2019 Sevilla ya Hispania ilikuja Dar es Salaam kucheza na Simba mechi ya kirafiki, ikashinda 5-4. Mabao manne ya Simba! Aliyepima Sevilla kwa mechi ile angesema ulinzi wake ni mbovu. Agosti 2020 Sevilla hiyo hiyo ilitwaa Kombe la Europa kwa kuifunga Inter ya Milano 3-2.

Msilichanganye jambo hili na Kombe letu la Mapinduzi, ingawa nalo huchezwa Januari na halina pointi za ligi. Pale Zanzibar kuna heshima ya watu. Fainali ya 2024, Mlandege, klabu ya hapo hapo Unguja, iliifunga Simba 1-0 na kulichukua kombe kwa mwaka wa pili mfululizo.