Kutoka Kokoto za Lugoba hadi Matumbawe ya Kaole: Somo la Miamba kwa Familia za Miono

Kila siku malori ya kokoto yanateremka kutoka Lugoba kwenda Dar es Salaam. Maghorofa ya jiji lile na madaraja yake yamebeba ndani yake jiwe lililopasuliwa huku kwetu Chalinze. Mpasua mawe analijua jiwe hilo kwa ugumu wake, fundi analijua kwa saizi, na dereva analijua kwa bei ya tripu. Umri wake ndio usiotajwa. Lilipikwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati nchi kavu haikuwa bado na mnyama hata mmoja wa kuikanyaga.

Ninaamini mazungumzo ya jiolojia kwa mtoto wa Miono yaanzie hapo, kwenye lundo la kokoto kando ya nyumba inayojengwa, kisha ndipo yafike makumbusho. Mtoto aliyekwisha kulichunguza jiwe la kwao huingia makumbusho na maswali yake mkononi. Asiyewahi kulichunguza hupita mbele ya makabati ya kioo, akapiga picha, akatoka kwenda kutafuta soda.

Liokoteni moja, mlimwagie maji ili rangi zijitokeze. Mtaona mistari myeusi na myeupe, na pengine mwekundu hafifu katikati. Sehemu nyeupe ni madini ya kwatzi na feldispa. Vipande vinavyometameta na kubanduka kwa ukucha ni ulanga. Mkibahatika, mtakuta punje nyekundu iliyokoza: hiyo ni ganeti. Wanajiolojia huliita jiwe hili naisi, nalo ni mwamba geu, maana yake zamani lilikuwa jiwe la namna nyingine, labda mchanga ulioshikamana, labda granaiti. Mabara yalipogongana, likasukumwa chini kilomita 30 hivi, kwenye joto la nyuzi 700 hadi 800. Halikuyeyuka lote. Lililainika, likakunjwa, likasukumwa, likakunjwa tena, kama mama anavyolizungusha donge la chapati na kulisukuma upya mpaka matabaka yakajipanga. Mistari ile kwenye kokoto ndiyo matabaka yenyewe.

Mgongano huo uliacha kovu refu linaloitwa Ukanda wa Msumbiji. Linapita Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini hadi Ethiopia. Milima ya Uluguru, Usambara na Upare ni sehemu yake. Tanzanaiti ya Mererani nayo ilizaliwa humo humo, ingawa ilichelewa kidogo. Kwa hiyo kokoto ya Lugoba na kito cha bei mbaya kuliko dhahabu ni watoto wa ukoo mmoja, na hilo ni jambo ambalo ningependa kila mtoto wa Chalinze alijue kabla hajaambiwa kwamba kwao hakuna kitu.

Umri wa jiwe husomwa kwenye chembe ndogo mno iitwayo zirikoni. Chembe hiyo inapoumbika hufungia ndani yake urani kidogo, na urani hugeuka kuwa risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Urani ya kawaida huchukua miaka bilioni 4.47 ili nusu yake igeuke. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, unapata tarehe. Profesa Sospeter Muhongo, ambaye wengi wanamkumbuka kwa uwaziri wa Nishati na Madini, ni mmoja wa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopima zirikoni za ukanda huu. Majibu yaliangukia kwenye miaka milioni 640 hivi.

Sasa geuza uso uelekee baharini. Barabara inayochepuka Mandera inapita Miono, kisha Mkange, hadi Saadani. Ni kilomita 60 hivi tu, lakini kwa miamba ni safari ya kutoka kwenye mizizi ya milima hadi kwenye mchanga uliotua jana. Miamba migumu ya bara inazama, na juu yake yanakuja mashapo, yaani mchanga, tope na chokaa vilivyotulia majini na kugandamana. Katika maeneo ya Lugoba na Msata, na kusini hadi ng'ambo ya Mto Ruvu, kuna tabaka za enzi ya Jurasiki. Wajerumani walipochonga njia ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kati ya 1905 na 1907, baadhi ya tabaka hizo zilifunuka kandokando ya reli, na visukuku vyake vikapelekwa Ulaya kuchunguzwa.

Visukuku hivyo ni vya baharini. Miaka milioni 170 iliyopita Bukini, yaani Madagaska, ilikuwa imebanana na pwani ya Afrika Mashariki, na ardhi ilikuwa inaanza kupasuka katikati. Maji ya bahari yakaingia kwenye ufa. Bukini ikateleza kuelekea kusini, ufa ukawa bahari, na humo wakaogelea amoniti, viumbe wa ukoo wa pweza na ngisi waliobeba kombe lililojizungusha. Mvuvi wa Saadani akionyeshwa kisukuku cha amoniti hahitaji maelezo marefu. Mwambie tu kwamba ni ngisi mwenye nyumba, na kwamba ukoo huo ulitoweka miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria wakubwa.

Hapa kuna jaribio ambalo familia inaweza kulifanya uani. Chukueni jiwe la chokaa, mlikwaruze kwa kisu mpaka litoe unga, kisha mdondoshee unga huo maji ya ndimu. Litatoka povu. Ile ni hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo viumbe wa baharini waliifungia kwenye makombe yao, na sasa asidi ya ndimu inaifungulia. Fanyeni hivyo hivyo kwa kokoto ya Lugoba: hakuna povu. Kisha jaribuni msumari. Chokaa itachubuka, lakini kwatzi itaushinda msumari, na msumari ndio utakaoacha alama yake juu ya jiwe. Kipimo hiki cha ugumu kilipangwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10. Chokaa iko kwenye 3, kwatzi kwenye 7, almasi kwenye 10. Wanajiolojia wanakitumia mpaka leo, porini, kwa kisu cha mfukoni.

Jaribio la pili linahitaji sumaku, na spika ya redio mbovu inayo. Ifungeni kwenye mfuko wa plastiki, muipitishe juu ya mchanga mkavu wa Mto Wami. Zitanasa chembe nyeusi. Hizo ni madini ya chuma, magnetaiti, yaliyomomonyoka kutoka kwenye miamba ya juu. Wami unaanzia milima ya Ukaguru, nao unasaga milima hiyo usiku na mchana na kuimwaga baharini karibu na Saadani. Ile michirizi myeusi unayoiona ufukweni baada ya mawimbi makubwa ni madini mazito yaliyochambuliwa na maji: ilmenaiti, ganeti, na zirikoni zile zile zenye saa ndani yake.

Mwisho wa safari ni matumbawe. Msikiti wa kale wa Kaole, ulio kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo na ambao historia yake inarudi hadi karne ya 13, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Sehemu kubwa ya mwamba wa matumbawe ulioinuka kando ya pwani yetu ya Afrika Mashariki ni miamba hai ya zamani, ya wakati ambapo barafu ya ncha za dunia ilikuwa imeyeyuka zaidi kuliko leo. Miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kwa mita 6 hadi 9 kuliko sasa. Mzazi akisimama Kaole na watoto, awaonyeshe vitundu vidogo vyenye umbo la nyota kwenye ukuta. Kila kitundu kilikuwa makao ya mnyama mmoja. Awaambie pia bahari iliwahi kufika wapi, maana habari hiyo inawahusu wao kuliko inavyotuhusu sisi.

Familia iliyofanya haya iko tayari kwa makumbusho. Makubwa yaliyo karibu na mtu wa Miono ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya boma la Wajerumani. Mgeni wa Dar es Salaam huulizia kwanza fuvu la mtu wa kale Zinjanthropus, lililoonwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Fuvu hilo lina miaka milioni 1.75. Swali ninalotaka watoto wamuulize mwongozaji ni hili: mmejuaje?

Jibu halimo kwenye mfupa. Limo kwenye majivu ya volkano yaliyotanda katika tabaka lilelile. Majivu yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka kuwa hewa ya agoni kwa mwendo unaojulikana. Ndiyo saa iliyotoa umri wa Zinjanthropus mwaka 1961. Nyayo za Laetoli, zilizofunuliwa mwaka 1978, ni hadithi hiyohiyo. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, watu wa kale wakayakanyaga, yakakauka na kuwa mwamba, na sasa tunajua kwamba walipita pale miaka milioni 3.66 iliyopita. Binadamu tunayejivunia katika makabati yetu amepata tarehe zake kwa jiwe. Ndiyo maana naona ni kasoro kwamba katika ziara nyingi za shule jiwe hupewa dakika chache, mfupa ukapewa saa nzima.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mazungumzo haya yawafikie watu wa vijijini, nayo ni Tendaguru. Katika kilima hicho cha Lindi, kati ya 1909 na 1913, wachimbaji wa Kiafrika, mamia kwa wakati mmoja, walifukua mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150, wakaibeba kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ujerumani. Giraffatitan aliyesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, alitoka huko. Wakubwa wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig, walipata sifa zao mapema. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, aliyekuwa na jicho la kuutambua mfupa ndani ya udongo, alingoja hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Tangu hapo mambo yamebadilika: mwaka 2019 dinosaria wa kusini-magharibi mwa Tanzania alipewa jina la Mnyamawamtuka moyowamkia, na mtoto yeyote wa darasa la pili anaweza kulitamka.

Boheti hakupata jicho lile kwenye kitabu. Alilipata kwa kushika udongo na mfupa. Makumbusho yetu yakitaka Maboheti wengine, yatoke nje ya majengo yake. Siku za kufanya hivyo zipo: Siku ya Makumbusho Duniani huadhimishwa kila tarehe 18 Mei, na Siku ya Kimataifa ya Jioanuwai, yaani anuwai ya miamba na ardhi, iliyopitishwa na UNESCO, huwa tarehe 6 Oktoba. Mjiolojia mmoja, meza moja chini ya mwembe wa shule ya Miono, sanduku la mawe ishirini yaliyookotwa kati ya Lugoba na Saadani, ndimu, msumari na sumaku: hiyo ni gharama ambayo wilaya inaimudu. Wazazi wakaribishwe pamoja na watoto, kwa kuwa baba anayechimba kisima na bibi anayejua kilipo kichanga na ulipo mfinyanzi wa vyungu wana elimu ambayo mjiolojia ataiandika.

Na atakayekuta kisukuku katika kutembea kwake asikichimbue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya namna hiyo, lakini hata pasingekuwa na sheria, kisukuku kikishang'olewa bila kuandikwa kilikotoka kinapoteza nusu ya habari zake, kwa sababu umri wake umo kwenye tabaka lililokizunguka. Kipige picha pamoja na sarafu ili ukubwa wake uonekane, uandike ni korongo lipi na upande upi, ukiache palepale, kisha umpelekee habari mtendaji wa kijiji aifikishe Makumbusho ya Taifa.