Unatafuta staili yako? Anza na wanaoshuka kivuko cha Kigamboni

Umejaza simu picha za mitindo ya Paris na Seoul, lakini asubuhi ukifungua kabati unaduwaa: leo nivae nini? Tatizo huenda siyo nguo zako. Huenda ni picha unazoziangalia.

Picha nyingi za ng'ambo zina makoti, masweta na buti. Dar ni joto na jasho. Ukinunua kwa kufuata picha tu, nguo unaivaa mara moja, inalala kabatini, na hela ndiyo imeshakwenda.

Kwa wakazi wa Kigamboni, shule ya bure ipo kivukoni. Asubuhi abiria wakishuka upande wa Magogoni kuelekea Posta, nguo zao zimeshapita mtihani: jua, foleni, kubanana na upepo wa bahari. Na bado kuna wanaoshuka wamependeza. Hao ndio wa kuwaangalia.

Chukua kitu kimoja

Usikopi kila kitu kuanzia kichwani hadi miguuni. Jiulize kilichokuvutia ni nini hasa:

- Rangi: huenda ni mtandio mmoja unaong'aa, vingine vyote vimetulia.
- Mkato: suruali inaishia wapi? Shati limebana au limeachia?
- Kitambaa: pamba na kitani hupitisha hewa. Polyesta hushika joto.
- Viatu: raba safi au kobazi nzuri zinaweza kubadilisha hata nguo ya kawaida.

Hesabu kinachojirudia

Bill Cunningham, mpiga picha wa New York Times aliyefariki mwaka 2016 akiwa na miaka 87, alizunguka New York kwa baiskeli akipiga picha mavazi ya watu wa mtaani. Alitafuta kinachojirudia: rangi au mkato ule ule kwa watu wasiofahamiana. Yeye mwenyewe alijulikana kwa koti lake la bluu la kibarua wa Kifaransa.

Wewe pia hifadhi picha 20 za mtaani ulizozipenda, kisha zipange. Kama 12 zina suruali pana, basi hiyo ndiyo ladha yako. Umeijua bila kutumia hata shilingi.

Kabla ya kwenda sokoni

Anza na kabati. Huenda ile suruali pana unayo tayari, imekosa shati tu. Ukienda mitumba Karume au Tandika, nenda na picha moja na uwe unajua unachotafuta, la sivyo utarudi na mfuko wa vitu usivyovaa.

Ukijaribu shati, angalia mabega kwanza. Fundi cherehani anaweza kupunguza ubavu na urefu kirahisi, ila mabega ni kazi kubwa.

Omba ruhusa kwanza

Kupiga picha watu kwa kuwavizia siyo ustaarabu. Salimia, kisha sema: "Samahani dada, umependeza. Naomba nipige picha viatu vyako?" Akikataa, mshukuru, mambo yaishe. Akikubali, hajakupa ruhusa ya kumposti. Hiyo iombe peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Kumbuka pia Magogoni ni jirani na Ikulu, kwa hiyo usielekeze kamera hovyo na fuata maelekezo ya walinzi. Pale ambapo kupiga picha haifai, andika tu kwenye simu: "shati jeupe, mikono imekunjwa, kobazi za kahawia." Inatosha.

Picha muhimu kuliko zote ni yako. Kwa wiki moja, jipige picha kila asubuhi kabla ya kutoka. Jumapili ziangalie zote. Ile siku uliyotembea bila kuvuta shati wala kurekebisha mkanda, anzia hapo.