Kiwanja cha ufukweni Matema: robo tu ndiyo ya kujengea

MNUNUZI anayeshuka kutoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi Matema, wilayani Kyela, hukuta bidhaa isiyopatikana Uyole wala Mafinga: mchanga, maji ya Ziwa Nyasa, na Milima ya Livingstone pembeni. Wengi wanaotafuta nyumba ya uzeeni huko huuliza kwanza upana wa kiwanja mbele ya maji. Swali linalogusa mfuko ni jingine: kiwanja kinaingia nchi kavu mita ngapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tuseme kiwanja kina upana wa mita 30 na kinaingia ndani mita 80, yaani mita za mraba 2,400. Muuzaji anataka Sh. milioni 12. Kwa haraka hiyo ni Sh. 5,000 kwa mita, bei nafuu. Ondoa zile mita 60. Zinabaki mita za mraba 600 za kujengea, na bei inakuwa Sh. 20,000. Kiwanja kinachoishia mita 50 hakina hata pa kuchimba msingi. Hesabu hii madalali hawana haraka ya kuitamka.

Ziwa lenyewe nalo halitulii. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Shire, upande wa Malawi. Kati ya mwaka 1915, maji yalipokuwa chini sana, na mwaka 1980, yalipanda zaidi ya mita 6. Ufukwe wa Matema ni tambarare. Maji yakipanda mita moja tu, ukingo husogea mbali. Wazee wa hapo waulizwe maji yaliwahi kufika wapi. Jibu lao halina ada.

Kuhusu karatasi, sehemu kubwa ya mwambao ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Mauziano yaliyoandikwa mbele ya mjumbe na mashahidi wawili hayamtoshi mgeni. Idhini ni ya Halmashauri ya Kijiji, kwa kikao chenye muhtasari. Asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji.

Wengine hutupia macho mwambao wa Ludewa, Lupingu na Manda, uliokuwa Mkoa wa Iringa hadi Njombe ulipokuwa mkoa mwaka 2012. Huko mahali pengi mlima unaanzia majini, hivyo baada ya mita 60 mnunuzi hujikuta mteremkoni, na saruji ni ya kubebwa kwa meli au kwa barabara ya milimani.

Kwa Matema, kamba ya kupimia ishikwe na pande zote mbili kuanzia ukingoni, na iwe Mei, ziwa likiwa limejaa. Muuzaji anayesisitiza Novemba ana sababu yake.