Usimchomee Mtu Picha

"Na huyo ni nani?" Shosh aliuliza akiwa siti ya mbele kabisa, kwa hall ya kanisa huku Kayole. Na pale kwa ukuta, projekta ilikuwa imerusha sura yake mwenyewe. Ndoo ya maganda mkononi, leso ya manjano kiunoni, lakini uso umevutwa kando mpaka ukakaa ka chapo. Mbogi yetu ilikuwa inasaka ganji ya kugeuza taka za jikoni kuwa mbolea, na Shosh ndiye alikuwa wa kwanza kwa ploti kutuwekea maganda. Na hakujijua.

Hiyo siku nilichanuka. Ukiweka mtu kwa slaidi, umebeba heshima yake. Ukimharibu, umemchomea picha mbele ya watu, hata ka ulikuwa na roho safi.

Sasa skia venye ilienda. Picha ilipigwa simu ikiwa wima. Slaidi za siku hizi hukuwa za kulala, 16 kwa 9. Msee wetu alitaka ijae ukuta mzima, so akashika kale kaduara ka ubavu wa picha, akavuta. Kaduara ka ubavuni huongeza upana peke yake. Urefu unabaki penye ulikuwa. Shika ka kona. Hapo upana na urefu zinakua pamoja, na uso unabaki uso. Ka bado hujaridhika na shepu, gusa Crop, ukate kenye hutaki. Nafasi ikibaki kando, weka maneno mawili matatu, ama iache tu ipumue.

Wasee wa graff wa nganya walishika hii rada kitambo. Wakichora sura nyuma ya mat, hawapanui mashavu ati juu bodi ni pana. Uso unakaa venye uko, halafu nafasi imebaki inapigwa rangi na maandishi.

Ngori ya pili ilikuwa ukungu. Ile picha ilikuwa imezungushwa kwa magroup za WhatsApp, na ukituma picha kawaida huko, hupunguzwa ndio isikule bando. Kwa simu inakaa fiti. Kwa ukuta ni noma. Piga hesabu: picha ya pikseli 400 ukiitandaza kwa skrini ya 1920, kila pikseli inafanya kazi ya karibu pikseli tano kwa upana. Lazima ichoke. Mwambie beshte akutumie ka document, utapata ile yenyewe. Na logo, itisha PNG yenye nyuma imetolewa, ndio isikuje na kaboksi keupe juu ya slaidi yako ya rangi.

Ya tatu ndio ilininyima usingizi. Tulitaka kuonyesha kuna wasee wanatulipa, so tukaweka skrinshoti ya meseji za M-Pesa, tukakata majina na namba. Kwa ukuta, safi kabisa. Baadaye tukatuma faili kwa watu. Beshte mmoja akaifungua kwa mashini yake, akagusa Crop, na majina yote yakarudi, na namba zao. Kumbe kukata kwa PowerPoint ni kufunika tu. Kipande ulikata bado kimelala ndani ya faili. Google Slides pia iko hivyo.

Dawa iko. Kwa PowerPoint, bonyeza picha, ingia Picture Format, halafu Compress Pictures, uweke tiki kwa Delete cropped areas of pictures. Toa tiki ya Apply only to this picture ndio zote zioshwe mara moja, halafu usave. Mimi siku hizi nakata kwa simu kabla picha iguse slaidi, na jina la mtu nalifuta huko huko. Kenya tuko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na namba ya customer ni yake, si ya mbogi. Hata bila sheria, msee alikuamini akakulipa. Mlinde.

Na kabla upige mtu picha, muulize. Tulienda kwa Shosh tukamuomba msamaha, tukamuuliza ka tunaeza mpiga ingine. Akasema tungoje, akaingia kwa keja, akatoka na ile leso ikiwa imepigwa pasi. Tulilaza simu, tukampiga akimwaga maganda kwa pipa letu. Slaidi moja, picha moja, na chini yake bei ya gunia la mbolea. Hakuna kingine.

Siku ya kurudi kwa hall, tulifika mapema, nikasimama nyuma kabisa kwa mlango kucheki ka uso unaonekana kutoka huko. Ulionekana. Taa zikazimwa, slaidi ikaingia, na Shosh akamgusa jirani yake bega, akaonyesha ukuta na kidole.

"Unaona hiyo leso?"