Mchagua Kidonge Ndiye Mkulima

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeitumia katika insha tangu shule ya msingi, na sijawahi kuipinga hata siku moja. Leo, wasomaji wapenzi, nathubutu kuipinga kidogo. Kuna kilimo kisicho na jembe wala udongo, na katika kilimo hicho asiyejua kuchagua hutoka mikono mitupu. Mimi ni shahidi, tena shahidi aliyeingia deni.

Kilimo chenyewe huitwa haidroponiki. Mimea hukuzwa hata ndani ya nyumba, mizizi yake ikiwa katika maji yaliyotiwa madini ambayo mmea ungeyapata udongoni. Si uchawi, wala si jambo la jana. Mnamo 1860 hivi, mtaalamu wa Kijerumani Julius von Sachs alikuwa akikuza mimea katika maji yenye madini pekee. Katika miaka ya 1930, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alikuza minyanya kwa njia hiyo ikapita kimo cha mtu. Hapa kwetu Kenya, baadhi ya mashamba ya maua ya Naivasha hukuza waridi katika vijiwe vyepesi vya pumisi au katika makumbi ya nazi, bila udongo wa kawaida.

Lakini mbegu haitupwi majini hivi hivi. Itazama na kuoza. Kwanza husiwa katika kidonge. Simaanishi kidonge cha zahanati! Hiki ni kipande kidogo cha kitu laini kinachonyonya maji, chenye kishimo cha kutilia mbegu. Mbegu humea humo, mizizi hutokeza chini, kisha kidonge kizima hutiwa katika kikombe chenye matundu kinachokaa juu ya chombo cha maji.

Basi sikilizeni yaliyonipata. Wanachama wa chama chetu cha kilimo walichanga pesa, nami nikiwa mweka hazina nikatumwa mjini kununua vidonge. Dukani niliona pakiti yenye picha ya saladi iliyonawiri, mate yakanidondoka. Nikalipa bila kuuliza vimetengenezwa kwa kitu gani. Tulisia mbegu 40 za saladi na sukuma wiki. Kwa kuogopa zisikauke, tuliviacha vidonge vikiogelea katika sinia la maji mchana na usiku. Kufikia wiki ya pili, miche ilikuwa imelala chali, mashina membamba kama uzi na meusi pale yanapogusa kidonge. Ilisalia sita tu. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza akaniuliza mbele ya watu, "Sasa mweka hazina, pesa zetu zimeenda wapi?" Sikuwa na la kujibu.

Mwalimu wetu wa Kilimo hakunikemea. Alichukua kidonge kimoja akakiminya, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko chake. "Mmezizamisha," akasema. "Mbegu imebeba chakula chake ndani. Haitaki kulishwa na kidonge. Inachotaka ni maji na hewa, vyote kwa pamoja."

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Mizizi hupumua kama sisi. Nafasi zote ndani ya kidonge zikijaa maji, hewa haina pa kukaa. Mizizi hudhoofika, na vimelea vinavyopenda unyevu hushambulia shina changa na kuliozesha. Kwa hivyo kidonge kizuri ni kile kinachoshika maji na bado kikabaki na nafasi za hewa. Hebu tuzitazame aina nne zinazopatikana kwa wingi.

Ya kwanza ni pamba ya mawe. Miamba huyeyushwa kwa joto kali la nyuzi 1,500 na zaidi, kisha ikasokotwa kuwa nyuzi laini. Hushika maji na hewa vizuri, wala haina wadudu. Ila ina hali ya besi, kwa hivyo kabla ya kusia hulowekwa katika maji yaliyotiwa asidi kidogo, yenye pH ya 5.5 hivi. Ikiwa kavu, nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Ilowesheni kabla ya kuikata. Tena haiozi, kwa hivyo ikishatumika inakuwa takataka ya kudumu.

Ya pili ni mboji ya kinamasi, ambayo huuzwa ikiwa imeshindiliwa kama sarafu nene. Ukiitia maji inafura kwenda juu, jambo la kufurahisha kutazama. Miche huipenda. Hata hivyo, hujaa maji upesi, na ikivunjika chembe zake huingia majini na kuziba pampu. Isitoshe, mboji hii hujengeka kwa kasi ya milimita moja hivi kwa mwaka. Tabaka la nusu mita ni kazi ya miaka 500, nasi tunaimaliza kwa msimu mmoja.

Ya tatu ni makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hapa hatuhitaji kwenda ng'ambo, maana minazi imejaa Kwale na Kilifi. Makumbi hunyonya maji mengi kuliko uzito wake, na bado yana nafasi za hewa. Adui yake ni chumvi. Makumbi huwa na chumvi yake, na yakilowekwa katika maji ya bahari huongezewa nyingine. Chumvi hiyo huizuia mbegu kunyonya maji. Dawa ni kuyaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tatu au nne, ukiyakamua kila mara.

Ya nne ni sponji. Ni rahisi, safi, na haimomonyoki. Lakini ni plastiki, na nyingine hujaa maji huku nyingine zikikauka haraka. Jamani, msichukue sponji za kuoshea vyombo! Baadhi yake zimetiwa dawa ya kuua viini, nayo yaweza kuidhuru miche.

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, uliza maswali haya. Kwanza, kimetengenezwa kwa nini? Pili, ukikilowesha na kukiminya kidogo, kinarudia umbo lake au kinabaki kama uji? Tatu, kimetiwa mbolea? Mche mchanga hauhitaji mbolea mpaka majani ya kweli yatokeze. Nne, kinaingia katika kikombe ulicho nacho bila kulegea? Tano, kikiisha kazi utakitupa wapi? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la kwanza, muage kwa heri.

Hata kidonge bora huharibiwa na mkono mbaya. Loweka, kamua maji ya ziada, kisha usia. Mbegu za saladi ziwekwe juu juu, kwa kuwa nyingi zinapenda mwanga ili zimee, na pasiwe na joto la kupita nyuzi 25 hivi. Kidonge kiwe na unyevu kama kitambaa kilichofuliwa na kukamuliwa. Mizizi ikichungulia chini, huo ndio wakati wa kuhamisha.

Muhula uliofuata sikununua mzigo mzima. Nilinunua makumbi kidogo, tukayagawa mafungu mawili: moja tukaliosha, jingine tukaliacha vile vile. Kila fungu lilipata mbegu 10 za sukuma wiki. Yaliyooshwa yalitupa miche tisa, yasiyooshwa minne. Shilingi chache zilitufunza kuliko ile pakiti yenye picha. Saladi tuliyovuna baadaye tuliwauzia walimu, na mchango wa wanachama ukarudi. Yule kijana wa Kidato cha Kwanza ndiye aliyezihesabu pesa. Nilimwomba mimi mwenyewe.

Sasa nimeielewa methali vizuri zaidi. Wahenga walimsema mvivu anayelaumu jembe ili asilime. Mimi sikuwa mvivu, lakini nilichagua kwa macho tu. Ewe msomaji, ukienda dukani, acha picha ya pakiti. Kiminye kidonge.