Karati: neno moja, vipimo viwili

Mkazi wa Nyasubi akisafiri kwenda Mwadui, neno "karati" humbadilikia maana njiani. Hapa Kahama, kwa masonara na katika soko la madini, karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ni mafungu 18 ya dhahabu yaliyochanganywa na mafungu 6 ya fedha, shaba au madini mengine. Kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, karati ni uzito, na karati moja ni miligramu 200. Almasi ya rangi ya waridi iliyotoka mgodini humo, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake ya mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa, yaani karibu gramu 11. Kijana mmoja aliniuliza baada ya darsa iwapo almasi hiyo ilikuwa safi mara mbili kuliko dhahabu ya karati 24. Swali si la kuchekwa. Waingereza wenyewe huyaandika maneno hayo mawili kwa namna moja, na Wamarekani ndio waliolazimika kuyatenganisha, uzito kwa herufi C na usafi kwa herufi K.

Neno hilo Waingereza walilipokea kupitia Wafaransa na Waitaliano, nao walilichukua kwa Waarabu, ambao husema qirati. Waarabu nao walilipata kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa na maana ya pembe ndogo. Hilo lilikuwa jina la tunda la mti wa kharubu, kwa kuwa ganda lake limepinda kama pembe. Mbegu zake zilitumika kama mawe ya mizani ya vitu vya thamani, kwa imani kwamba zote zina uzito mmoja. Wanasayansi wa zama zetu walipozipima wamekuta zinatofautiana kama mbegu za miti mingine.

Hesabu ya 24 ilitoka kwenye fedha ya Warumi. Sarafu ya dhahabu iliyotolewa na Mfalme Konstantino katika karne ya 4 iligawanywa katika qirati 24, hivyo dhahabu kamili ikawa ni ya 24. Waislamu wa mwanzo walitumia sarafu za Warumi hadi Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotengeneza dinari ya Kiislamu mwaka 77 Hijria, yenye uzito wa gramu 4.25. Watu wa Sham waliigawa dinari kwa qirati 24, na wengi wa miji mingine kwa 20.

Msomaji wa Hadithi amekwisha kukutana na neno hili. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba anayehudhuria jeneza hadi likasaliwa ana qirati moja, na anayebaki hadi maiti azikwe ana qirati mbili. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ukubwa wake, alizifananisha na milima miwili mikubwa. Ibn Umar (r.a.), Bibi Aisha (r.a.) alipomthibitishia Hadithi hiyo, alisikitikia qirati nyingi zilizompita. Sokoni qirati ilikuwa kipande kidogo tu cha dinari, na hapo ndipo uzito wa maneno hayo ulipo. Vilevile imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachungia watu wa Makka kondoo kwa qirati, ingawa wako wanazuoni waliosema kwamba hilo ni jina la mahali.

Nchini Misri qirati ni ardhi pia, sehemu moja ya 24 ya feddani, na urithi huhesabiwa humo kwa qirati 24. Aliyesoma mirathi ataelewa sababu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi zote huingia katika 24 bila kubaki kipande.

Turudi nyumbani, kwa sababu wanaoumizwa na neno hili ni akina mama. Mikataba mingi ya ndoa inayopita mezani petu huandikwa "dhahabu gramu 20" na kuishia hapo. Gramu 20 za karati 22 zina dhahabu tupu gramu 18.3, gramu 20 za karati 9 zina gramu 7.5 tu. Bwana harusi huleta hizo za pili na kusema ametimiza, na mkataba haumpingi. Kwa Mashafi'i, mahari yasiyojulikana sifa zake hurejeshwa kwenye mahari ya mfano, yaani yale ya wanawake wa ukoo wake walio sawa naye. Ni suluhisho, lakini hupatikana baada ya familia mbili kukaa barazani na kutoleana maneno makali, ilhali tarakimu mbili tu zingeliepusha.

Katika zaka, nisabu ni dinari 20, sawa na gramu 85 za dhahabu tupu. Mwenye gramu 100 za karati 18 anamiliki dhahabu tupu gramu 75, basi hazijafika. Jirani yake mwenye gramu 100 za karati 22 ana gramu 91.7, na zikipitiwa na mwaka hutoa sehemu moja ya 40, karibu gramu 2.3. Hii ni dhahabu iliyowekwa akiba. Mapambo halali ya kuvaliwa hayana zaka kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi'i, ila Mahanafi huyatolea.

Kwenye pete au bangili, tazameni muhuri wa ndani: 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18 na 916 ni 22. Dhahabu inayotoka kwa wachimbaji wetu wadogo haina muhuri na mara nyingi ina fedha ndani yake. Hiyo ipelekwe kwenye mashine ya kupimia sokoni kabla ya kuandikwa katika mkataba wowote.